Uzoefu wangu na dashibodi ya mwenzangu wa darasa

Kwenye somo letu la uchambuzi wa data, kila mmoja anapewa kazi ya mwenzake aikague: aisakinishe, aitumie kama mtumiaji wa kawaida, kisha aandike alichokiona bila kuoneana haya. Mimi niliangukiwa na kifurushi cha Python, lugha ya kuandikia programu, kinachofungua dashibodi, yaani ukurasa wa chati za kuchezea, ya data za Gapminder, mkusanyo wa takwimu za nchi za dunia: nchi 142, kuanzia 1952 hadi 2007, umri wa kuishi, idadi ya watu na pato la taifa kwa kila mtu. Nimekaa nacho jioni tatu. Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu nimeigombania sana na nafsi yangu.

Maelezo ya README, faili la maelekezo ya kuanzia, ni mafupi na yanaeleweka. Amri mbili tu, moja ya kusakinisha, nyingine ya kuwasha. Ya kwanza ilipita vizuri. Ya pili ikatapika maandishi mekundu skrini nzima, na chini kabisa pameandikwa kwamba DataFrame, yaani jedwali la data, haina append, njia ya kuliongezea mistari. Aliyewahi kuhangaika na pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, ameshajua kilichotokea. Njia hiyo iliondolewa toleo la 2.0 lilipotoka mwaka 2023, na kwenye orodha ya mahitaji mwenzangu ameandika neno pandas basi, bila namba ya toleo. Kompyuta yake bado ina toleo la zamani, yangu ikavuta jipya. Nikabadilisha mstari mmoja ukawa pd.concat, njia iliyochukua nafasi yake, dashibodi ikawaka. Nilipomwambia, akanijibu, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Jibu hilo nami nimeshalitoa mara nyingi mno, nikashindwa hata kumcheka.

Najua wapo ambao wangekata nyota mbili hapo hapo. Mimi nimekata robo. Kosa lile lilipiga kelele, likanitajia faili na mstari, nikalimaliza kwa dakika kumi. Yaliyonila muda ni yale yaliyonyamaza.

Kabla ya hayo, haki yake nimpe. Dashibodi yenyewe inapendeza na ina wepesi. Unachagua bara kwenye menyu, unaburuta mwaka, chati zinabadilika papo hapo. Ukigusa nukta ya nchi, mstari wa nchi hiyo unakolea kwenye chati ya pembeni na mingine inafifia. Nilichezea hicho kipengele muda mrefu kuliko kazi ilivyodai. Ndivyo nilivyokutana na Rwanda: mstari wa umri wa kuishi unatambaa kwenye miaka arobaini na kitu, halafu mwaka 1992 unatumbukia hadi 23.6, thamani ya chini kuliko zote katika data nzima. Ningesoma jedwali siku nzima nisilione shimo hilo kwa namna ile.

Sasa ukimya. Kitelezi cha mwaka kinasimama kwenye kila mwaka: 1952, 1953, 1954. Nikaweka 1960. Chati ikabaki nyeupe, mihimili ipo, nukta hakuna, wala neno lolote la kunieleza. Nikadhani programu imeganda. Nikapakia ukurasa upya, nikazima kila kitu, nikawasha tena, nikarudi 1960: nyeupe. Baada ya kuhangaika nikafungua data nikahesabu mistari ya jedwali, ikawa 1,704. Gawanya kwa nchi 142, unabaki na miaka 12 tu kwa kila nchi. Kumbe data ni za kila miaka mitano, na kitelezi kinamkaribisha mtu kwenye miaka ambayo haimo! Kukifanya kiruke mitano mitano ni kazi ya neno moja kwenye msimbo.

Jambo la pili ni Kuwait. Mwenzangu ameufunga mhimili wa pato usibadilike ukiburuta mwaka, na wazo hilo ni zuri, maana mhimili unaorukaruka unamdanganya mtazamaji. Tatizo ni kwamba ameufunga kwa thamani kubwa kuliko zote, ambayo ni Kuwait ya mwaka 1957, dola 113,523 kwa kila mtu. Ukifika 2007, nchi ya juu kabisa ni Norwei yenye dola 49,357, kwa hiyo zaidi ya nusu ya chati ni uwanja mtupu, huku nchi maskini zimebanana kwenye kona ya kushoto kama abiria mlangoni. Nilijaribu skeli ya logi kwangu, ile ambayo kila hatua ya mhimili inazidisha badala ya kujumlisha. Zikatawanyika, kila moja ikaonekana.

Lakini lililonikosesha usingizi ni chati ya wastani wa mabara, kwa sababu hiyo inaonekana sawasawa kabisa. Haina uwazi mweupe, haina nukta zilizobanana. Mwaka 2007 inasema Asia miaka 70.7, Amerika 73.6, pengo la takribani miaka mitatu. Nikapata shaka, nikafungua msimbo: amejumlisha umri wa kuishi wa kila nchi, akagawa kwa idadi ya nchi. Maana yake Bahrain, yenye watu laki saba na ushee, ina uzito ule ule wa India yenye zaidi ya bilioni moja na umri wa kuishi wa 64.7. Upande wa pili, Haiti inayoivuta Amerika chini ina uzito ule ule wa Marekani inayoivuta juu. Nikarudia hesabu nikizingatia idadi ya watu, ambayo imo kwenye jedwali lile lile, safu ya jirani. Asia ikashuka hadi 69.4, Amerika ikapanda hadi 75.4. Pengo likawa karibu miaka sita, mara mbili ya lile la chati. Na Oceania, inayong'ara juu ya wote, kwenye data hizi ni nchi mbili tu, Australia na New Zealand. Hilo nalo halikuandikwa popote.

Mengine ni ya haraka. Leseni ipo. Majaribio yapo manne na yote yanapita, ila yanapima kama chati imechorwa, hayapimi kama namba ni sahihi. Rangi nyekundu na kijani kwa mabara mawili yaliyo jirani kwenye chati zibadilishwe, wapo wasioweza kuzitofautisha.

Nimemfungulia hoja tano kwenye hifadhi ya msimbo wake, kila moja na picha ya skrini. Kitelezi na toleo la pandas kavirekebisha usiku ule ule, na skeli ya logi ameiweka kama kitufe cha kuchagua, jambo ambalo ni bora kuliko nilichopendekeza. Wastani amekataa kuugusa. "Kila nchi ina kura moja," ameandika. Nimemjibu kwamba nakubali, ilimradi kichwa cha chati kiseme hivyo. Hajajibu bado.