Kitabu cha Wamongolia, shilingi 250, bila jalada

Nilikinunua kwenye kibanda cha vitabu kuukuu karibu na stendi ya matatu hapa Nakuru. Jalada limeng'oka, kwa hivyo jina lake siwezi kuwapa. Muuzaji alianzia 400, tukaelewana 250. "Mathe, ndani kiko sawa kabisa," akaniapia. Neno hilo lishikeni.

Mimi ni karani wa mizigo. Mwaka wa kumi na moja huu naandikia risiti bahasha na magunia ya Kericho, Ahero na Kisumu. Sura za vita nilizipitia juu juu: mwaka 1206 Temujin anatawazwa kuwa Genghis Khan, mji unachomwa, mwingine unafuata. Mwandishi anapenda upanga kupita kiasi. Kilichonikesha ni yam, posta yao.

Ögedei, mwanawe Genghis, ndiye aliyeipanga rasmi mwaka 1234. Vituo vilitandazwa njiani, kila kimoja na farasi waliopumzika, chakula na malisho. Mjumbe anafika, anashuka, anapanda farasi mwingine, huyo! Hebu waza bahasha inabadilishiwa farasi Mau Summit, Kericho, kisha Ahero, na hakuna dereva wa kusimama kwanza anunue mahindi ya kuchoma. Aliyetumwa na serikali alibeba paiza, kibao cha mbao au cha madini, cha fedha au dhahabu kwa wakubwa. Akikionyesha, anahudumiwa.

Basi wafanyabiashara nao wakavipata vibao hivyo, wakasafirishia bidhaa zao farasi wa umma, na gharama ikawaangukia wenyeji waliovilisha vituo. Möngke, mjukuu wa Genghis, alipotawazwa mwaka 1251, akaamuru vibao vya zamani virudishwe na wafanyabiashara wasiguse farasi wa posta. Nilicheka peke yangu pale kaunta. Sisi tunaoona gari la serikali limebeba viazi siku ya Jumapili hatuhitaji maelezo.

Jeshi nalo lilipangwa kwa makumi, mamia, maelfu, hadi tumen ya watu 10,000. Makabila aliyoyashinda, kama Watatari na Wakereyiti, Genghis aliyatawanya katika vikosi tofauti, na mtu hakuruhusiwa kuhama kikosi chake. Mimi nilikuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Ukurasa huo niliusoma mara mbili, kisha nikafunga kitabu nikaenda kuchemsha chai.

Kuna pia Yelü Chucai, mshauri aliyemwonyesha Ögedei kwamba mashamba ya China kaskazini yakitozwa kodi yana faida kuliko kugeuzwa malisho. Amepewa kurasa mbili tu. Angepewa sura nzima, na farasi wa vita wapunguzwe.

Sasa lile neno la muuzaji. Baghdad inaanguka mwaka 1258, Möngke anafariki mwaka 1259, na hapo hapo karatasi zinakatika: ukurasa wa 212 unafuatwa na wa 245. Zinaporudi, Kublai, mdogo wake Möngke, yuko China na dola imeshagawanyika vipande vinne. Ugomvi wote wa ndugu umebaki sijui kwa nani, labda umefungia njugu.

Nilimrudia Jumamosi. "Hizo ni chache tu, mathe." Akanipunguzia 50 kwenye kitabu kingine, kamusi, nayo nimeihesabu kurasa zote nikiwa nimesimama pale pale, wateja wake wakingoja.

Herufi ni kubwa, nasoma bila miwani. Mwandishi nyota nne, kibanda mbili.