Majaribio ya kemia ya PhET: kifaa cha kurudia misingi kwa wanafunzi wa sekondari

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kutaja elementi 20 za kwanza bila kukosea, pamoja na alama zake na mpangilio wa elektroni, na bado akashindwa kueleza tofauti kati ya 2 ndogo iliyo ndani ya H₂O na 2 kubwa inayotangulia katika 2H₂O. Kifaa chochote kinachodai kusaidia marudio ya kemia ninakipima hapo kwanza: je, kinamfanya mwanafunzi aone kinachosemwa na alama hizo, au kinamwongezea tu mambo ya kukariri? Kwa kipimo hicho, PhET ndiyo nyenzo bora ya bure ninayoweza kumpendekezea mwalimu au mzazi, ingawa ina mapengo ambayo ni lazima yasemwe waziwazi.

PhET ni mkusanyiko wa majaribio ya sayansi na hisabati yanayofanyika kwenye kioo cha kompyuta au simu, na hutengenezwa katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. Ulianzia kwenye fizikia, kisha ukapanuka hadi kemia, biolojia na hisabati. Majaribio ya sasa hufunguka katika kivinjari cha kawaida, na kila moja linaweza kupakuliwa kama faili moja litakalofanya kazi bila intaneti. Kwa shule ambayo kifurushi cha data hulipwa kutoka mfukoni mwa mwalimu, jambo hili lina uzito mkubwa: faili hupakuliwa mara moja, kisha huhamishwa kwa flashi hadi kompyuta yoyote iliyopo.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni lile la kusawazisha milinganyo, linaloitwa Balancing Chemical Equations. Mwanafunzi hupewa mmenyuko, kwa mfano wa naitrojeni na haidrojeni kutengeneza amonia, na kila anapobadilisha namba ya mbele, molekuli huongezeka au kupungua mbele ya macho yake, huku mizani ikionyesha idadi ya atomu za kila elementi upande huu na upande ule. Namba ndogo za chini haziguswi kabisa. Hapo ndipo penye thamani, kwa sababu kosa linalorudiwa kila mwaka ni la mwanafunzi anayebadilisha fomula yenyewe ili hesabu ikubali, akaandika NH₂ mahali pa NH₃ bila kutambua kwamba ameshataja kitu kingine kabisa. Hapa hana njia ya kufanya hivyo. Hana budi kufika kwenye N₂ + 3H₂ → 2NH₃ kwa kuongeza molekuli nzima. Akiweka namba zilizosawazika lakini zisizo ndogo kabisa, kama 2, 6 na 4, sehemu ya mchezo humwambia kwamba mlinganyo umesawazika ila haujarahisishwa, jibu ambalo ni la haki kuliko alama ya kosa.

Jaribio linalofuata kwa ubora ni Reactants, Products and Leftovers, linaloanza na mkate na jibini kabla ya kufika kwenye molekuli. Ukiwa na vipande 7 vya mkate na 2 vya jibini, na kila sandwichi ikahitaji vipande viwili vya mkate na kimoja cha jibini, unapata sandwichi 2 na mkate vipande 3 vinabaki. Kisha mwanafunzi hupelekwa kwenye maji: molekuli 4 za haidrojeni na 3 za oksijeni. Wengi hujibu haraka kwamba oksijeni ndiyo itakayokwisha kwanza kwa kuwa ndiyo chache, lakini kioo huonyesha molekuli 4 za maji na molekuli 1 ya oksijeni iliyosalia. Dhana hii ya kiambato kinachokwisha kwanza huwasumbua hata wanafunzi wa kidato cha tatu wenye hesabu nzuri, na sijaona maelezo ya ubaoni yanayoifikisha kwa uwazi kama huu.

Build an Atom, la kujenga atomu kwa protoni, nyutroni na elektroni, ni zuri kwa kidato cha kwanza na cha pili. Ukiongeza protoni, jina la elementi hubadilika. Ukiondoa elektroni, unapata ayoni, yaani atomu yenye chaji. Ukibadilisha nyutroni, namba ya uzito hubadilika lakini elementi hubaki ileile. Hata hivyo linaishia kwenye neoni, yenye protoni 10. Sodiamu na klorini, jozi ambayo karibu kila mwalimu huitumia kufundisha muungano wa ayoni, hazimo, kwa hiyo mwanafunzi huachwa mlangoni mwa mada muhimu. Mwalimu atalazimika kurudi kwenye ubao na kuchora mpangilio wa elektroni wa 2:8:1 wa sodiamu na 2:8:7 wa klorini mwenyewe.

Kuhusu mimumunyo, jaribio la Molarity linaonyesha vizuri jinsi ukolezi unavyopanda kiasi cha kimumunyishwa (kitu kinachoyeyushwa) kinapoongezwa au ujazo unapopunguzwa, hadi mmumunyo unaposhiba na mabaki kutuama chini. Kasoro yake ni kwamba kiasi hutolewa moja kwa moja kwa moli, kipimo cha idadi ya chembe. Hatua inayowaangusha watahiniwa, ya kutoka gramu kwenda moli, haipo. Kwamba gramu 5.3 za Na₂CO₃ ni moli 0.05, kwa kuwa moli moja ina gramu 106, ni kazi ya daftari.

Kwa asidi na besi ningeshauri kuanza na Acid-Base Solutions. Linatenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana: asidi kali na asidi iliyokolea. Unaweza kuweka asidi hafifu yenye ukolezi mkubwa na kuona kwamba molekuli nyingi bado ni nzima, kisha ukaweka asidi kali yenye ukolezi mdogo na kuona zote zimegawanyika kuwa ayoni, huku mwanga wa taa ya umeme ukionyesha wingi wa ayoni zilizomo. Jaribio la hali za maada ni la kupendeza, ila halihitaji muda mrefu.

Nisingependa shule yoyote iichukulie PhET kama mbadala wa maabara. Mkono unaojifunza kufungua bomba la bureti (mrija wa kupimia kimiminika) kwa tone moja moja, na jicho linaloona rangi ya methyl orange, kiashiria cha asidi na besi, ikigeuka, havifundishwi na kioo. Aidha, majaribio haya hayana maelezo marefu wala maswali ya kumwongoza mwanafunzi. Aliyeachwa peke yake huvuta vitufe kwa furaha na kuondoka bila kujibu lolote. Mwalimu aandike maswali mawili au matatu kabla, na mwanafunzi aandike anachotarajia kabla ya kugusa kitufe.

Baadhi ya majaribio yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa mitihani ya kemia ya sekondari Tanzania na Kenya hufanywa kwa Kiingereza, ningetumia toleo la Kiingereza kwenye kioo na kujadili kwa Kiswahili darasani, isipokuwa kwa wanafunzi wanaoanza kidato cha kwanza, ambao toleo la Kiswahili litawafaa zaidi. Kwa anayejiandaa na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili na hana muda wa yote, aanze na kujenga atomu, kisha kusawazisha milinganyo, na haya mawili ayarudie hadi aweze kuyafanya kwa penseli akiwa amezima kompyuta.