Nimefunga mota kwenye cherehani yangu ya miguu: niliyoyaona tangu Novemba

Nashona sare za shule na magauni hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, upande ambao vumbi la magunia ya maharage linaingia mpaka kwenye bobini. Cherehani yangu ni Butterfly nyeusi ya miguu, aliniachia mama mdogo. Novemba mwaka jana niliifunga mota. Mafundi wenzangu ambao magoti yameanza kulia wananiuliza kila siku kama inafaa, kwa hiyo nimeona niandike mara moja nimalize.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa. Huku kwetu Desemba ni mwezi wa patashika. Walioko Dar na Mwanza wanapanda nyumbani kula Krismasi, harusi zinafuatana, watoto wa kipaimara wanataka nguo nyeupe, na kabla hujameza mate ni Januari, shule zinafunguliwa, kila mzazi amekumbuka sare wiki ya mwisho. Kazi yenyewe siiogopi. Ninayoiogopa ni ile saa kumi jioni mama mtu anapoinamisha kichwa mlangoni.

“Shikamoo fundi. Ile sketi ya mtoto?”

“Marahaba mwanangu. Bado zipu tu.”

Zipu gani! Kitambaa hata chaki hakijaona, kiko kwenye mfuko kama alivyokileta. Wanasema mafundi ni waongo, na ni kweli tunadanganya, lakini sijaona anayefurahia. Kumwangalia mtu usoni na kumpa “bado” ya tatu kunanichosha kuliko kukanyaga kutwa. Kwa hiyo hii mota sikuipima kwa mbio zake. Niliipima kwa hizo “bado”.

Nilinunua kwenye duka la vifaa vya cherehani hapa mjini, 55,000. Ndani ya boksi kuna mota, pedali yenye waya, mkanda wa mpira na kishikio cha chuma na skrubu zake. Kibandiko kinasema volti 220, wati 150. Ilikuwepo ya wati 250 pia, muuzaji akanisukumia hiyo kwa nguvu zote. Nikakataa, mimi nashona tetroni na pamba, sishoni maturubai. Sijajuta.

Kabla hujatoa hela, angalia nyuma ya cherehani yako, karibu na gurudumu la mkono. Ukiona tundu la skrubu, mota itakaa bila tabu. Kama halipo, itabidi kutoboa, na chuma cha kichwa cha cherehani kinapasuka kama kigae. Hapo mimi ningeacha.

Aliyenifungia aliubana mkanda mpaka ukawa unalia kama uzi wa zeze. Nilishona mashati matatu, nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Nikazima, nikachomoa, nikakaa nje kabisa kwenye stuli nikiitazama kwa mbali kama nyoka. Mtoto wa dada yangu, anayetengeneza redio, ndiye aliyekuja akalegeza skrubu moja tu. Akanionyesha: bonyeza mkanda kwa kidole kimoja, ukiingia ndani kidogo, inatosha. Ukibana sana mota inahangaika na kuchemka. Ukilegeza sana, gurudumu linasimama huku mota inaendelea kuimba peke yake. Tangu siku ile haijanuka tena.

Wiki ya kwanza nilitamani kuirudisha. Pedali yake haina adabu: ukibonyeza kidogo inanung'unika tu, ukiongeza unywele mmoja inaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Nilivunja sindano nne, na kola moja niliifumua mara mbili. Kilichonisaidia ni kuvua kiatu. Bonyeza kwa kidole gumba cha mguu mtupu, na uanze mshono kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono wa kulia. Kama siku ya nane hivi mguu ukaelewa.

Sasa faida. Mishono iliyonyooka, yaani mbavu za shati, mapindo, miguu ya suruali, inakwenda kama maji. Zamani mashati matano kwa siku, tangu kukata mpaka kupiga pasi, nilikuwa hoi. Sasa ni saba, siku nzuri nane. Muuzaji aliniapia kuwa kazi itakuwa mara mbili. Haiwezi, kwa sababu kukata bado ni mkono wangu, gamu ya kola ni mkono wangu, na vifungo pia.

Kwenye marinda mota haifai kabisa. Sketi ya bluu ya shule ya msingi inataka uchore kwa chaki, ukunje, ubane na pini, halafu upite juu ya kila kunjo polepole, sindano ikishuka pale unapotaka wewe. Rinda moja likienda upande, yote ya nyuma yake yanafuata kosa, na kiuno kinakataa kufika kipimo. Kazi hiyo naifanya kwa miguu mpaka leo. Navua mkanda wa mpira, narudisha ule wa ngozi, dakika mbili tu. Nimepigilia msumari ubavuni mwa meza, mkanda usiotumika unaning'inia hapo.

Utauliza, sasa mota imenisaidia nini kama marinda bado ni miguu? Imenisaidia hapo hapo. Zamani nilikuwa nafika kwenye marinda saa tisa alasiri, nimeshakanyaga mashati tangu asubuhi, miguu ina ganzi, macho mazito. Naikunjua sketi, naikunja tena, naiweka. Kesho. Nilipokaa kuhesabu, “bado” zangu karibu zote zilikuwa sketi. Sasa asubuhi mota inamaliza mishono mirefu nikiwa nimekaa tu, nikishakunywa chai naanza marinda na miguu mizima. Goti la kulia bado linauma nikipanda daladala, lakini kwenye cherehani limenyamaza.

Umeme msiuogope. Kwangu uniti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni kama shilingi 356. Wati 150 ikizunguka saa sita bila kupumzika haimalizi hata uniti moja, na hakuna fundi anayeshona saa sita bila kuinua mguu. Pasi yangu ni ya mkaa, na mkaa ndio unaonila. Umeme ukikatika narudi kwenye mkanda wa ngozi na oda zinaendelea, ndiyo maana sikushauri uuze meza yako ya miguu ukanunue ya umeme mtupu.

Kasoro nyingine ni kelele. Redio siisikii, na mteja inabidi agonge mlango. Cherehani nayo inakula mafuta zaidi kwa sababu inakwenda mbio: nilikuwa nadondosha mara moja kwa wiki, sasa ni kila asubuhi. Ndani ya mota usitie hata tone. Na waya wa pedali uubane kwenye mguu wa meza, mimi nilishaukwaa mara mbili nikiwa na mkasi mkononi, nashukuru Mungu. Binti anayejifunza kwangu bado sijamruhusu kuigusa. Ajue kwanza kusimamisha sindano kwa miguu yake.

Kama unashona sare, mashuka au mashati ya oda nyingi, nunua. Kama kazi yako ni kupunguza suruali za mitumba na kubadilisha zipu, hela hiyo kanunulie mkasi mzuri.

Januari hii nilipokea sare 62, nikachelewesha saba. Yule mama wa saa kumi jioni alikuja siku niliyomwambia. Akainamisha kichwa mlangoni, “Shikamoo fundi, ile sketi?” Nikaishusha kwenye henga, imepigwa pasi, marinda yamelala. Akaigeuza mbele na nyuma, akacheka, akaanza kujipapasa kanga. Hakuwa amebeba hela ya kumalizia. Alikuja akijua nitamwambia bado. Sketi ikalala kibandani siku mbili zaidi, na safari hii mwenye kutafuta maneno alikuwa yeye.