Kupoza hewa ya turbo kwenye Subaru: kipi kinunuliwe kwanza

Mwenye Subaru Impreza WRX, Forester XT au Legacy GT anayetaka gari lake lisipoteze nguvu kwenye joto hushauriwa mapema abadilishe intakula, yaani kile kipoza hewa cha alumini kinacholala juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Ushauri huo una msingi. Tatizo ni kwamba sokoni kuna vitu vya aina tano vinavyouzwa kwa kazi hiyohiyo, kuanzia sponji ya bei ndogo hadi mfumo mzima wenye pampu na rejeta yake, na muuzaji mara nyingi husifu kile alichonacho rafuni. Nimevipanga hapa kuanzia kinachostahili kununuliwa kwanza, nikilenga gari la kila siku lenye injini ya EJ (familia ya injini za Subaru iliyomo katika magari hayo), linalokaa kwenye foleni za Nairobi au Dar es Salaam na mara mojamoja hupanda Kitonga au Mai Mahiu likiwa nyuma ya malori.

Hewa ikikandamizwa hupata joto. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa nyingi ndani ya injini. Yenye ufanisi wa asilimia 70, ikisukuma kwa bar 1 juu ya shinikizo la kawaida, huchukua hewa ya nyuzi 27 na kuitoa ikiwa na nyuzi 120 hivi. Intakula ikiirudisha hewa hiyo kwenye nyuzi 50 bila kupunguza shinikizo, kila lita inayoingia kwenye silinda hubeba oksijeni zaidi kwa takriban moja ya tano. Nguvu inayopatikana hapo inafurahisha, lakini mimi naweka mbele usalama wa injini: hewa ya moto huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, injini huanza kugonga, na pistoni za EJ zinajulikana kwa kuvunjika kwenye kingo nyembamba zinazoshikilia ringi. Tena magari mengi tunayoagiza yalisetiwa kwa petroli bora ya Japani, iliyo karibu na oktani 100 (oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili kugonga). Mwinuko nao una sehemu yake. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, hivyo ili geji isome bar 1 ileile turbo inabidi ikandamize hewa zaidi ya mara 2.2, wakati Mombasa ingetosha mara 2, na joto la hewa inayotoka hupanda kwa kiasi hicho.

Kabla ya kutoa fedha, joto lipimwe. Hapa wengi hupotoshwa na programu za simu zinazounganishwa kwenye tundu la OBD, lile la kusoma kompyuta ya gari, kwa sababu katika Impreza WRX za tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kihisi cha joto la hewa kimo ndani ya kipima hewa, karibu na kichujio, kabla ya turbo. Namba inayoonekana kwenye simu ni ya hewa inayoingia kwenye turbo, na haisemi lolote kuhusu kazi ya intakula. Fundi afunge kihisi cha pili kati ya intakula na injini, kisha gari liendeshwe kwenye mlima uleule kabla na baada ya kila badiliko.

Nafasi ya kwanza ninaipa kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa ununuzi: kurudisha intakula ya asili katika hali yake. Fungua boneti na utazame sponji inayoziba nafasi kati ya njia ya hewa ya boneti na uso wa intakula. Kwenye gari lenye umri wa miaka 15 sponji hiyo huwa imelika au imekwisha kabisa, na hewa inayoingia kwa juu hupita pembeni badala ya kupita kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya intakula vinavyotoa joto. Kisha tazama matangi ya pembeni. Katika intakula nyingi za asili ni ya plastiki, yamebanwa kwenye alumini kwa meno madogo, na pale yanapobanwa ndipo hewa huvuja. Fundi azibe mdomo wa turbo, ajaze hewa ya kompresa taratibu hadi kiasi kinacholingana na shinikizo la kawaida la gari, halafu apake maji ya sabuni kila kiungo. Povu likitokea, umeokoa fedha nyingi: kwa kuwa kipima hewa kiko kabla ya turbo, hewa inayovuja imekwisha kuhesabiwa, kompyuta hutia petroli ya hewa ambayo haikufika, na gari hutoa moshi mweusi huku likikosa nguvu. Ongeza klampu imara, mipira ya silikoni na blanketi la turbo. Blanketi nalisisitiza, kwani turbo ya EJ iko nyuma upande wa kulia, karibu kabisa na intakula, na kwenye foleni joto lake hupanda moja kwa moja juu.

Nafasi ya pili ni intakula kubwa zaidi inayokaa palepale juu ya injini. Kwa gari la chini ya nguvu farasi 350 hivi, hiki ndicho kifaa ambacho ningemshauri mtu anunue. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni intakula ya mtumba iliyotoka kwenye STI (toleo la Impreza lenye nguvu kuliko WRX), ambayo ni kubwa kuliko ya WRX na hupatikana kwa wauza spea za Japani, Kirinyaga Road au Kariakoo. Inunuliwe pamoja na mabomba yake, vishikio vyake na njia yake ya hewa, kwa sababu haikai kwenye WRX bila marekebisho, na kutafuta bomba moja lililokosekana huweza kuchukua wiki kadhaa. Ishikwe mkononi kabla ya kulipia: pitisha kidole ndani ya mdomo unaotoka turbo. Utando mwembamba wa mafuta ni jambo la kawaida. Chembe za chuma zinazometameta kidoleni maana yake turbo ya gari lile ilisagika, na hakuna kuosha kutakakokuhakikishia kuwa zimetoka zote. Zilizobaki zitaishia kwenye silinda zako. Njia ya pili ni mpya kutoka kwa watengenezaji kama Process West wa Australia au GrimmSpeed wa Marekani. Ni ghali, lakini ni kubwa kuliko ya STI na zimetengenezwa kwa modeli mahususi. Ole wenu mnaonunua nakala zisizo na jina kwa kutazama unene tu! Kiini kinene chenye mapezi yaliyosongamana hupitisha hewa kwa shida, na kikishiba joto kwenye foleni huchukua muda mrefu kupoa.

Kinyunyizio cha maji, kinachorushia maji juu ya mapezi ya intakula, ninakiweka nafasi ya tatu, kama nyongeza. STI kadhaa zilitoka nacho kiwandani. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba kilojuli 2,257 za joto, kwa hiyo mnyunyizo mfupi kabla ya kupanda mlima husaidia kweli, hasa bara kwenye hewa kavu kuliko Pwani. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumike, kwa maana huacha ukoko kati ya mapezi.

Intakula ya mbele, ile inayoonekana nyuma ya bampa, ndiyo inayotamaniwa na vijana wengi, nami naipa nafasi ya nne. Kwenye joto la foleni haina mpinzani, kwa sababu iko mbali na turbo. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza WRC97, gari la Subaru la mashindano, intakula yake ilikuwa mbele. Lakini gari lile liliundwa upya kwa kazi hiyo na lilikuwa na timu ya mafundi. Kwenye gari la mtaani mabomba huwa marefu, turbo huchelewa kuitika, chuma cha bampa mara nyingi hukatwa, na rejeta pamoja na kondensa ya AC hubaki zikipokea hewa iliyokwisha kupashwa moto. EJ ikianza kuchemsha, gasketi za vichwa ndizo huumia. Kompyuta nayo lazima isetiwe upya, na gharama hiyo ihesabiwe tangu siku ya kwanza. Mwenye turbo kubwa na nguvu farasi zaidi ya 400 anaihitaji. Mwenye Forester ya asili haihitaji.

Ya mwisho ni intakula inayopozwa kwa maji, kama ile ya Toyota Celica GT-Four ST205. Husaidia sana kwa mwendo mfupi wa kasi, ila maji yake yakishapata joto kwenye mlima mrefu hukawia kupoa, na pampu ikifa dereva huweza asijue hadi injini ianze kugonga. Anayeichagua afunge taa ya tahadhari ya pampu mahali anapoiona akiwa kwenye usukani.