Nililipia bustani ya kuangalia bahari, wakanizibia na miashoki

Jamani wa Tanga mnaotafuta mafundi wa bustani, someni hapa kabla hamjatoa advansi. Kwetu ni Raskazone, kiwanja kinashuka kidogo kuelekea majini, ukikaa barazani unaiona ghuba yote na kisiwa cha Toten na ngalawa zikitoka kuvua. Nilichotaka ni kimoja tu na nilikisema mpaka koo likanikauka: upande wa bahari pandeni vitu vifupi visivuke kiuno, minazi miwili iliyopo iachwe isimame huku na huku, jicho lipite juu ya maua liende zake mpaka kisiwani.

Narudi msibani Muheza nakuta miashoki. Mstari mzima, imebanana, upande ule ule wa bahari, na mwashoki ukishashika unajulikana unavyorefuka, unaipita nyumba! Namuuliza bosi wao imekuwaje, kijana wa umri wa mwanangu, shikamoo hana, anachezea simu tu ananijibu, "Mama, bahari si yako, bustani yako inaishia kwenye kamba." Halafu akacheka mbele ya vibarua wake.

Sasa mie nasema fundi wa kusema vile kazi haijui. Kule Kyoto, Japani, kuna bustani ya hekalu la Entsu-ji, ua wake wa mimea umekatwa chini umenyooka sawa, juu yake wameacha vigogo vya miti vina nafasi, na katikati ya vigogo unauona mlima Hiei, uko mbali huko lakini umeingia bustanini. Mlima si wao! Na mwaka 2007 jiji la Kyoto likaweka kanuni za kulinda mandhari za namna hiyo majengo yasizizibe. Wenzetu wanatunga kanuni ili wasizibiwe, mie natoa hela yangu mwenyewe nazibiwa.

Ila haki niseme, tuta la mbele wamelitengeneza vizuri sana. Kuna kijana mmoja alilaza mpira wa maji chini, akawa anausogeza, anarudi nyuma anatazama, anausogeza tena, mpaka mkunjo ukamridhisha ndio akachimba kuufuata mpira, pembeni akapanga mawe ya matumbawe, nyuma akaweka mihibiskasi na mbele vinka, hakuna pengo hata moja. Kwa lile tuta nilitaka niwape nyota tatu, hata nne. Lakini jioni nikikaa barazani natazama majani badala ya maji, hapana, nyota moja, tena hiyo moja ni ya yule kijana, kampuni haina chake hapo.

Juzi bosi kanitumia meseji anadai balansi, na eti kuing'oa miashoki ni kazi mpya ina bei yake. Balansi silipi mpaka ing'oke yote. Na yule kijana wa tuta kama siku hizi anajitegemea, anayemjua aniunganishe naye, upande wa bahari nampa yeye.