Mkanda wa kiwiko: uzoefu wangu jikoni, Lamu

Kama unautaka mkanda huu ukidhani utakuponya kiwiko, usiununue. Kama unautaka ili uweze kumaliza kazi ya leo bila kuuma meno, nunua, na pesa yako haitapotea.

Wangu niliupata kwa shilingi 1,200 kwenye duka la dawa Malindi, nilipokwenda kumtazama dadangu. Ni kitambaa kizito, kifupi, upana kama sentimita 7, ndani kina kimto cha mpira na mwishoni ile sehemu ya kunata inayolia ukiibandua. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Langoni: harusi, maulidi, hitima. Wengi waliousifu ni watu wa michezo, basi haya ni ya mtu wa sufuria.

Maumivu yenyewe yako upande wa nje wa kiwiko, kwenye kile kifupa kinachochomoza. Majirani walisema ni baridi yabisi. Hospitalini binti wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, alininyoosha mkono, akaniambia nikunje ngumi na kuiinua, huku yeye akiisukuma chini. Niliruka. Akasema, "Mama, hiki ndicho kinachoitwa kiwiko cha tenisi," nikacheka, maana mpira wa aina hiyo nauona kwenye televisheni tu. Kumbe wengi wenye ugonjwa huu hawajashika raketi maishani, na huwapata zaidi watu wa makamo kama mimi. Misuli inayoinua kifundo cha mkono imeshikizwa kwenye kifupa kile kwa kano, na kano hiyo huchakaa ikivutwa kila siku kuliko inavyoweza kujitengeneza. Fikiria kazi zangu: kukuna nazi, kukamua tui kwa kifumbu, kukanda unga wa mahamri, kugeuza pilau ya watu mia tatu. Zote zinataka kushika kwa nguvu, na nyingine kusokota juu yake. Nilifika mahali birika la chai nalichukua kwa mkono wa kushoto.

Tuje kwenye mkanda. Muuzaji alinifungia juu ya mfupa penyewe panapouma, na pale haukufaa kitu. Binti wa hospitali ndiye aliyeuweka panapostahili: vidole viwili chini ya kifupa, kimto kikikaa juu ya nyama ya mkono, ile inayotuna ukikunja ngumi. Hapo unaibana misuli kabla mvuto haujafika kwenye kano. Kupima ni rahisi: funga, kamata kitu, kaza. Maumivu yakipungua palepale, umepapata. Usiukaze mpaka vidole vife ganzi, na usilale nao.

Kazini unasaidia kweli. Siku ya harusi nageuza sufuria kubwa mpaka pilau inaiva, na mkono unaniruhusu. Lakini kuna mambo ambayo maandishi ya kwenye boksi hayakuyasema. La kwanza ni jasho: wakati wa kaskazi, karibu na kuni, kitambaa kinalowa na kuanza kunuka, kwa hiyo kila usiku naufua kwa sabuni na kuuanika. La pili ni unga. Sehemu ya kunata inajaa unga na machicha ya nazi, na isipopigwa brashi inaachia katikati ya kazi. La tatu ni udhu. Maji lazima yafike kiwikoni na mkanda uko njiani, basi unaufungua na kuufunga tena kila kipindi, na kila ukiufunga upya unatafuta tena mahali pake. Mimi nimejichora alama ya hina, na inatosha wiki nzima. Faida ndogo: chini ya mkono wa buibui hauonekani, kwa hiyo hakuna anayekuuliza umeanguka wapi.

Kilichoniponya, kwa kadiri nilivyopona, ni mazoezi, nayo hayana bei. Unalaza mkono mezani, kiganja kikitazama chini, kifundo kikiwa nje ya ukingo. Unashika chupa ya maji ya nusu lita, unaiinua kwa msaada wa mkono wa pili, kisha unauachia mkono unaouma uishushe wenyewe, polepole sana. Ikizoeleka, unachukua chupa ya lita moja. Kuuma kidogo ni ruhusa. Kama kesho yake asubuhi kunauma zaidi, ulizidisha, punguza. Yanachosha kwa sababu wiki za mwanzo huoni tofauti yoyote, na mtu mwenye haraka atayaacha. Pamoja nayo nilibadili kazi: nazi sasa zinakwenda mashineni, kifumbu wanakamua wasichana, na sufuria naiinua kwa mikono miwili, viganja vikitazama juu. Ninayoifanya mwenyewe bado ni pilau, maana hiyo simwachii mtu.

Sindano ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu? Shemeji yangu, fundi seremala, alichomwa akarudi kwenye randa akiwa mzima, na baada ya miezi michache mkono ukamrudia vibaya zaidi. Mpwa wangu anayesoma udaktari alinisomea utafiti wa Australia uliochapishwa 2006, watu 198: baada ya wiki 6 waliochomwa sindano walikuwa mbele ya wote, lakini ulipotimia mwaka walikuwa nyuma ya waliofanya fiziotherapia. Na waliosubiri tu wakiangalia kazi zao? Mwisho wa mwaka walikaribiana na wale wa fiziotherapia. "Mama mdogo," akaniambia, "ungengoja tu." Yeye hana harusi za Rabiul Akhir za kupika. Kungoja ni kwa mwenye nafasi ya kungoja; mazoezi yalinirudishia mkono mapema.

Dawa ya kupaka ya diklofenaki nimeitumia pia. Inatuliza kidogo, basi. Vidonge sivitaki, tumbo langu halivipendi. Na kama vidole vinakufa ganzi, kiwiko kimevimba na kina moto, au hakinyooki, hiyo si habari ya mkanda, nenda hospitali.

Kwa jikoni naupa nyota nne. Nimepunguza moja kwa ajili ya jasho na kwa ajili ya saizi: wanauandika kuwa unamfaa kila mtu, lakini msaidizi wangu mwenye mkono mwembamba ulimteleza mpaka kwenye kifundo. Pima mzunguko wa mkono chini ya kiwiko kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kumtuma mtu Malindi.