Uzoefu wangu: Chakula cha jioni The Malaya, gati la King Street, Sydney

Nianze na jina, maana nisipolimaliza hilo kwanza, msomaji hatanisikiliza. Mgahawa huu unaitwa The Malaya, na hakuna Mswahili anayeweza kuutaja mbele ya wakubwa zake bila kujieleza. Nilipomwambia shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, kwamba nimeweka nafasi ya watu watatu pale kwa Jumamosi jioni, alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama mke wangu anazo habari. Ikanibidi nimweleze kwamba Malaya ni jina la zamani la nchi, lililotumika kabla ya Shirikisho la Malaysia kuundwa tarehe 16 Septemba 1963, na kwamba mgahawa wenyewe ulifunguliwa mwaka huohuo, mwaka ambao Zanzibar na Kenya nazo zilipata uhuru. "Basi wangebadilisha," alijibu, akaendelea kujifunga kitenge.

Umri huo si jambo dogo kwa mji kama Sydney. Mwaka 1963 Australia ilikuwa bado na sera ya kuwachuja wahamiaji kwa rangi, sera ambayo haikufutwa kabisa hadi mwaka 1973, lakini wanafunzi kutoka Malaya na Singapore walikuwa tayari wanakuja kusoma vyuo vikuu, baadhi yao wakilipiwa chini ya Mpango wa Colombo, yaani mpango wa kuzisaidia nchi za Asia, na kijana aliyekulia kwenye wali na pilipili alihitaji mahali pa kwenda kula. Mgahawa ulianzia Mtaa wa George, na baadaye sana ndipo ulipohamia pale tulipoukuta sisi, kwenye magati yaliyofanywa sehemu ya matembezi na migahawa, upande wa mashariki wa bandari ya Darling. Kutoka stesheni ya Wynyard tulitembea polepole, kwa mwendo wa shangazi, na bado hatukutumia zaidi ya robo saa.

Kosa la kwanza la jioni ile lilikuwa langu. Niliomba meza ya karibu na maji saa kumi na mbili kasoro, nikasahau kwamba upande ule unatazama magharibi. Jua la kuzama ng'ambo ya Pyrmont ni zuri kwa anayepiga picha, lakini kwa anayejaribu kusoma orodha ya vyakula ni adhabu, na kwa nusu saa nzima shangazi alikula akiwa amejikinga macho kwa kiganja kama nahodha anayetafuta nchi kavu. Ningekumbuka, ningeomba saa mbili usiku, au tungekaa ndani kidogo, ambako maji yalionekana vilevile.

Sasa niseme kilichotupeleka. Mtu wa pwani akiishi mbali na minazi hukosa tui kuliko anavyokosa kitu kingine chochote, na mimi huupima mgahawa wowote wa Kimalaysia kwa tui peke yake. Nimewahi kula laksa, yaani supu ya tambi yenye viungo, kwenye mgahawa mmoja wa mtaani, ambao sitautaja, tui likiwa limekatika na kuelea juu ya maji ya manjano kama sabuni iliyokataa kuyeyuka. Kwa hiyo niliagiza rendang kwanza, kwa makusudi, kwa sababu chakula hicho hakimpi mpishi mahali pa kujificha. Asili yake ni kwa Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, na Malaysia nao wana namna zao za kukipika. Nyama ya ng'ombe hupikwa ndani ya tui pamoja na vitunguu, pilipili, mchaichai na mzizi wa jamii ya tangawizi, kwa moto mdogo, mpaka maji yote yakauke, mafuta ya nazi yajitenge, na nyama ianze kukaangika ndani ya mafuta yaleyale yaliyotoka kwenye tui lake. Anayeharakisha hupata mchuzi mzito wenye nyama, na hiyo si rendang.

Ilipofika, shangazi hakuonja mara moja. Alichukua uma, akakibonyeza kipande kimoja pembeni mwa sahani, akangoja. Kipande kikaachana chenyewe, nyuzi kwa nyuzi, na chini yake pakabaki utepe mwembamba wa mafuta ya rangi ya kahawia, bila tone la mchuzi wa maji. Alipotia mdomoni alifumba macho, akatafuna, akasema, "Humu kuna nazi iliyokaangwa kavu kisha ikatwangwa. Huyu hakuwa na haraka, mwanangu." Alikuwa sahihi: Wamalaysia huiita kerisik, na ndiyo inayokipa chakula hiki ule ugumu mdogo kwenye ulimi na harufu inayokaribia ya karanga. Baada ya hapo sahani ya rendang ilihamia upande wake wa meza na haikurudi.

Laksa niliyoagiza mimi ni ile ya tui, si ile ya Penang inayopikwa kwa ukwaju na samaki, ambayo ni chakula kingine kabisa ingawa jina ni moja. Tui lilikuwa zito na limeshikana, tambi hazikulainika kupita kiasi, na ladha ya kamba ilikuwa ndani ya mchuzi wenyewe. Nilimwambia mhudumu kwamba mimi ni mzoefu wa pilipili, akanichukulia kwa neno langu, na kufikia nusu ya bakuli nilikuwa ninajifuta paji la uso kwa kitambaa cha meza. Sina wa kumlaumu.

Hata hivyo, chakula ambacho wateja wa siku nyingi hukitaja kwanza si cha Kimalaysia: ni biringanya la mtindo wa Sichuan, jimbo la China, na uwepo wake unakumbusha kwamba mapishi ya Kichina yamo ndani ya mapishi ya Malaysia kwa kiasi kikubwa. Biringanya tumelizoea likiwa laini, limelegea kwenye mchuzi wa nazi. Hili lilikuwa limekaangwa hadi nje pakawa pagumu kidogo, ndani laini kama uji, likapakwa mchuzi mtamu wenye ukali unaochelewa kufika. Mke wangu, ambaye hali nyama nyekundu, alimaliza sahani karibu yote peke yake, na ninakiri kwamba wiki iliyofuata nililijaribu nyumbani mara mbili na kupata rojo.

Wali ulikuwa mweupe mtupu, umeiva vizuri, na shangazi aliuonea huruma kwa kukosa nazi. Bei si ya kila wiki. Ni mahali pa kumpeleka mgeni au kusherehekea jambo, na sahani tatu kwa watu watatu zinatosha, kwani zinawekwa katikati na kila mmoja anapakua. Sisi tuliagiza tano, tukashindwa. Anayekula halali pekee apige simu mapema azungumze nao kuhusu nyama, na asiyekula viumbe vya baharini aulize juu ya belacan, yaani kamba wadogo waliovundikwa kwa chumvi na kukaushwa, kwa sababu katika mapishi ya Kimalaysia huingia hata kwenye mboga ambazo kwa macho hazina samaki.

Kurudi nitarudi, na nitaagiza rendang mbili, moja ya shangazi na moja ya sisi wengine. Usiku ule tulipokuwa tunarudi stesheni, dada yake shangazi alipiga simu kutoka Tanga kuuliza tumekula wapi. Shangazi alinitazama, akageukia upande wa maji, akasema kwa sauti ya upole, "Kwa Wamalaysia, pale gatini."